Paneli za sola juu ya paa la zege: paa bapa linakuachia maamuzi yote

Paa la bati lenye mteremko humfanyia fundi wa sola nusu ya kazi kabla hajaegemeza ngazi ukutani. Mteremko umekwisha kuamua paneli zitainama kiasi gani, upande ambao paa linatazama umekwisha kuamua paneli zitaelekea wapi, na kwa kuwa paneli hufungwa karibu sana na bati, upepo haupati nafasi kubwa ya kujipenyeza chini yake. Paa la zege lililo bapa halimwamulii chochote. Mwenye nyumba hupanda juu, huona uwanja mtupu unaopigwa jua tangu asubuhi hadi jioni, naye hudhani amepata mahali rahisi kuliko pote pa kuweka paneli. Nafasi ipo kweli, lakini kila jambo ambalo bati lingeliamua lenyewe sasa linamsubiri mtu aliamue, na maamuzi hayo yamefungamana: ukiinamisha paneli zaidi, zinashika upepo zaidi, zikishika upepo zaidi, zinadai uzito zaidi wa kuzikandamiza, uzito huo unarudi kuiuliza slabu kama iliwekewa nondo za kuubeba, na ukitanua nafasi kati ya safu ili paneli zisitiane kivuli, idadi ya paneli inashuka hata paa kubwa lionekane dogo.

Ili fundo hilo lifunguke, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni nyumba ya ghorofa moja Dar es Salaam, yenye paa la zege la mita 12 kutoka mashariki hadi magharibi na mita 10 kutoka kaskazini hadi kusini, likiwa na ukuta mfupi wa ukingo, chumba cha ngazi na tangi la maji. Hesabu zake zinafaa pia kwa Zanzibar, Tanga au Mombasa kwa mabadiliko madogo, kwa sababu miji hiyo yote iko kati ya nyuzi 4 na 7 kusini mwa ikweta.

Kwanza kabisa ni lazima kuhakikisha kwamba paa ni bapa kweli. Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi huonekana kutoka barabarani kama zina paa la zege, kumbe nyuma ya ukuta wa ukingo kuna bati lenye mteremko mdogo juu ya kenchi za mbao. Ni ule mtindo wa kuficha bati. Paa la namna hiyo haliwezi kubebeshwa matofali ya kukandamizia paneli. Paneli zake hufungwa kwenye papi kama ilivyo kwa paa lolote la bati, na mengi ya makala haya hayalihusu. Mapaa bapa ya nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu nayo ni habari nyingine. Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo, ambao kwa kawaida haufiki mita 3, ndio ulioamua upana wa vyumba. Boriti iliyokaa miaka mingi ikionja unyevu wa kila masika haipaswi kuongezewa shehena kabla mtu anayezijua nyumba hizo hajaifunua na kuichunguza. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu tangu 2001, hata mwonekano wa paa una mamlaka ya kuulizwa.

Kwa nyumba ya kisasa ya zege, swali la kwanza linaonekana kwa macho: je, kuna nondo zilizochomoza juu ya nguzo? Nondo hizo ni ahadi ambayo mwenye nyumba amejiwekea ya kuongeza ghorofa siku Mungu akijalia. Paneli nzuri hukusudiwa kukaa paani miaka 25 au zaidi, na ni watu wachache wanaoweza kusema kwa uhakika kwamba katika muda wote huo hawatajenga tena. Mpango wa sola unapaswa kulizungumza jambo hili mapema, kwa sababu jibu lake huamua namna ya kufunga fremu: fremu inayokaa kwa uzito wake inaweza kunyanyuliwa na kuhamishiwa juu zaidi, ilhali iliyotobolewa ndani ya zege huacha matundu mahali patakapokuwa sakafu ya chumba cha mtu.

Baada ya hapo ndipo huja suala la uzito. Paneli ya wati 550, ambayo ni ya kawaida sokoni kwa sasa, ina urefu wa karibu mita 2.28, upana wa mita 1.13 na uzito wa kilo 28 hivi, yaani kilo 11 kwa kila mita ya mraba. Slabu iliyosanifiwa ili watu wapumzike na kuanika nguo juu yake hukadiriwa kubeba mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba zaidi ya uzito wake yenyewe. Ile iliyokusudiwa kukanyagwa na fundi wa matengenezo tu hukadiriwa chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo paneli peke yake si tatizo. Tatizo ni kile kinachoongezwa ili zisiondoke, na vilevile vile ambavyo tayari viko paani. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 zilizosimama juu ya eneo dogo, na kama fundi aliyejenga alilikalisha katikati ya chumba badala ya juu ya nguzo au ukuta, sehemu hiyo ya slabu imekwisha kutumia nguvu zake. Michoro ya jengo ikiwepo, mhandisi ataijibu hoja hii haraka. Isipokuwepo, nyufa chini ya dari, mkunjo unaoonekana kwa kamba iliyovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na unene wa slabu uliopimwa kwenye tundu la bomba humpa mahali pa kuanzia. Nasema mhandisi wa majengo, si fundi umeme; fundi mzuri wa sola hujua mahali ujuzi wake unapokomea.

Tukija kwenye jua, hapa ndipo ninapoona makosa mengi yakitoka nje ya nchi pamoja na fremu zenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Tarehe 21 Juni saa sita mchana, jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Tarehe 21 Desemba liko upande wa kusini, nyuzi 73 hivi. Jua letu halishuki chini mchana mwaka mzima. Huko Berlin, adhuhuri ya Desemba jua hupanda nyuzi 14 tu, na kitu chenye kimo cha mita 1 hutupa kivuli cha mita 4. Fremu za nyuzi 30 na majedwali ya nafasi kati ya safu yaliyotengenezwa kwa jua la namna ile hayana kazi hapa. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 30 Dar es Salaam huzalisha umeme pungufu kwa mwaka kuliko iliyoinamishwa nyuzi 10, na juu ya hapo inakamata upepo kama tanga.

Kwa hesabu ya jua peke yake, paneli zetu zingeweza hata kulazwa bapa kabisa. Kinachotulazimisha kuziinamisha nyuzi 10 hivi ni uchafu. Paneli iliyolala bapa hukusanya vumbi, na maji ya mvua yakikauka kwenye ukingo wa fremu huacha mstari wa tope unaofunika seli za chini. Na mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa kinyesi cha kunguru hufanya nini juu ya kioo. Kwa nyuzi 10 mvua huosha paneli yenyewe. Zikielekea kaskazini zitapata kidogo zaidi kuliko zikielekea kusini, lakini kwa mwinamo mdogo hivi tofauti ya mwaka mzima ni ya asilimia chache tu, na si jambo la kuvuruga mpangilio wa paa zima.

Sasa tuzipange kwenye mfano wetu. Tunaacha mita 1 wazi kila upande kutoka ukingoni, kwa sababu ya upepo na kwa usalama wa anayetembea, hivyo tunabaki na uwanja wa mita 10 kwa 8. Paneli zikilazwa kwa urefu wake, nne zinaingia katika safu moja. Paneli yenye upana wa mita 1.13 ikiinama nyuzi 10, ukingo wake wa juu unapanda kama sentimita 20 tu juu ya ukingo wa chini, na hata saa mbili asubuhi ya tarehe 21 Juni kivuli chake kuelekea safu ya nyuma hakizidi sentimita 22 au 23. Tukiacha sentimita 50 kati ya safu na safu, nafasi inayomtosha mtu kupita na ndoo na brashi, kivuli hakifiki, na safu tano zinaingia: paneli 20. Yule aliyenakili nyuzi 30 na nafasi ya Berlin angepata safu tatu, yaani paneli 12, kwenye paa lile lile. Chumba cha ngazi kinachokula pembe ya kusini-magharibi kitatunyang'anya paneli nne, tubaki na 16, ambazo ni kilowati 8.8. Kwa wastani wa uniti 4 hivi kwa siku kwa kila kilowati moja ya paneli, paa hili linaweza kutoa uniti 35 kwa siku, kukiwa na siku za mawingu ya masika zitakazotoa pungufu na siku za Januari na Februari zitakazozidi.

Kuna mpangilio mwingine unaostahili kufikiriwa, nao ni wa paneli mbilimbili zilizogeuziana migongo, moja ikitazama mashariki na nyingine magharibi, mfano wa hema fupi. Kilele cha mchana hushuka kidogo, lakini umeme huanza mapema asubuhi na huendelea hadi alasiri, jambo linaloifaa nyumba yenye friji na kiyoyozi kuliko mlima mmoja wa umeme saa sita mchana ambao betri haiwezi kuumeza wote. Zaidi ya hapo, mgongo wa paneli hauachwi wazi kwa upepo, kwa hiyo uzito wa kukandamiza hupungua. Pale ambapo slabu inatia shaka, mimi hupendelea mpangilio huu.

Tangi la maji linastahili neno lake. Kivuli kidogo juu ya paneli hakikati umeme kwa kadiri ya ukubwa wake, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo na seli iliyofunikwa huwa kama mguu uliokanyaga bomba la maji. Paneli huwa zimegawanywa katika sehemu, kwa kawaida tatu, na sehemu yenye kivuli hurukwa. Hivyo kivuli chembamba cha antena kinaweza kukutoa theluthi ya paneli. Tangi la kimo cha mita 2, saa mbili asubuhi mwezi Juni, hutupa kivuli cha karibu mita 4.5 kuelekea magharibi na kusini kidogo. Likikaa upande wa kaskazini wa paa, kivuli hicho huingia katikati ya paneli. Likihamishiwa upande wa kusini, kivuli cha Juni huangukia ukingoni au nje ya paa, na kile cha Desemba kinachorudi kaskazini ni kifupi kwa sababu jua liko juu zaidi. Kuhamisha tangi na mabomba yake kabla ya paneli kupanda ni kazi ya siku moja. Anayepima vivuli kwa kutembelea paa mara moja mwezi Februari huona nusu ya mambo, kwa kuwa jua la Juni liko upande mwingine kabisa wa anga.

Upepo ndio unaoogofya zaidi, na ndio unaodharauliwa zaidi. Nguvu yake haikui sambamba na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa mita 15 kwa sekunde husukuma kwa nguvu iliyo sawa na kilo 14 hivi kwa kila mita ya mraba. Ukifika mita 30 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 108 kwa saa, ni kilo 55 hivi. Juu ya paa bapa upepo haupiti vilevile kila mahali. Ukigonga ukuta wa nyumba hupanda, hujikunja kwenye ukingo, na katika pembe za paa huzunguka kwa nguvu ya kunyonya vitu kwenda juu, na hii ndiyo sababu ya ile mita 1 tuliyoiacha wazi. Pwani yetu ina pepo za msimu, kaskazi na kusi, na watu wengi hudhani haina vimbunga. Lakini Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, Lindi mwaka 1952, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mpango wa kitu kitakachokaa paani miaka 25 haupangwi kwa upepo wa wiki hii.

Mabaharia wa majahazi wana neno la kile tunachokihitaji: farumi, mzigo wa mawe au mchanga unaowekwa tumboni mwa chombo kitupu kisipinduke. Fremu ya paa bapa nayo huwekewa farumi ya matofali ya zege ili kusiwe na haja ya kutoboa paa. Tofali gumu la inchi sita lina uzito wa kilo 30 hivi. Tukiweka mawili kwa kila paneli, pamoja na paneli yenyewe na fremu, tunafikia kilo 36 hivi kwa mita ya mraba, mzigo ambao slabu ya kutembelewa inaubeba. Lakini idadi hiyo haifai kuchukuliwa kuwa kanuni. Farumi halisi hutokana na majedwali ya mtengenezaji wa fremu, yaliyopimwa kwa upepo, pamoja na kimo cha jengo na mahali paneli ilipo. Paneli za pembeni zinaweza kuhitaji mara mbili ya zile za katikati. Safu zikiunganishwa zote kuwa fremu moja, paneli zilizokingwa huzishika zile zinazopigwa, na uzito unaohitajika hupungua. Ubora wa tofali nao una maana: tofali la mchanga mwingi na saruji kidogo hulika kwa mvua mwaka hadi mwaka, likipoteza uzito, na mchanga wake hukimbilia kwenye tundu la maji na kuliziba.

Maji, basi. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo dari ya chumba cha watoto ilikuwa na doa la rangi ya chai, lenye ukubwa wa sinia. Paneli zilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Juu, fundi alikuwa ametoboa karatasi ya lami na zege na kufunga kila mguu wa fremu kwa bolti, akapaka silikoni kuzunguka. Mguu mmoja ulikuwa umesimama katika bonde dogo la slabu, na kichwa cha bolti kilikuwa kimezama ndani ya kidimbwi kisichozidi upana wa sahani. Tulipoilegeza nati, maji ya kutu yalibubujika kutoka ndani ya tundu. Doa la dari halikuwa chini ya bolti ile. Lilikuwa mita 2 mbali nayo, kwa sababu maji yaliyopita chini ya lami yalitembea juu ya slabu mpaka yalipopata ufa. Hii ndiyo sababu kutafuta uvujaji wa paa bapa baada ya paneli kukaa ni mateso: mahali maji yanapoingia na mahali yanapotokea ni vitu viwili, na katikati kuna paneli na matofali ya kunyanyua moja moja.

Kwa hiyo paa hupimwa maji kabla. Mhandisi akiisha kuridhika na slabu, mifereji huzibwa, maji ya kina cha sentimita 5 humwagwa na kuachwa kwa saa 24, na watu hushuka chini kutazama dari zote kwa tochi. Maji hayo nayo ni kilo 50 kwa mita ya mraba, na ndiyo maana hayamwagwi kabla ya slabu kuchunguzwa. Yakifunguliwa, anayesimama pale huona yanakokimbilia na yanakotuama, na hapo huchora kwa chaki njia za maji ambazo hakuna mguu wa fremu utakaozikatiza. Lami iliyobakiza miaka mitano ya uhai hubadilishwa sasa, si baadaye. Chini ya kila mguu huwekwa kipande cha mpira mnene, ili ukingo wa chuma usikate lami paa linapotanuka mchana na kujikunja usiku. Nyaya nazo hazipitishwi kwenye slabu kama kuna njia nyingine; hupita kwenye ukuta wa chumba cha ngazi, zikiingia kwa bomba ambalo mdomo wake umepindwa kutazama chini, na paani hubebwa juu ya trei, wala haziachwi zikilala juani na majini.

Upande wa umeme wenyewe haubadiliki sana kwa sababu ya paa kuwa bapa, na kazi yake ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya. Mambo mawili tu ndiyo yanayolihusu paa hili moja kwa moja. Zege hukusanya joto, na paneli inayofika nyuzi 60 za selsiasi hupoteza asilimia 12 hivi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, ambayo ilipimwa kwa nyuzi 25. Kwa hiyo hata ukingo wa chini wa paneli unapaswa kuwa na nafasi ya hewa kupita. Jambo la pili ni chumvi ya bahari. Fremu iwe ya aluminiamu na bolti ziwe za chuma cha pua, kwa kuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi tu hakina umri mrefu karibu na ufuko.

Siku ya mwisho ya kazi, chukua rangi nyeupe na brashi ndogo, uchore mstari kuzunguka kila mguu wa fremu juu ya slabu. Upepo mkali ukiisha kupita, panda juu kabla hujanawa uso. Fremu isiyokuwa na farumi ya kutosha kwa kawaida haipai ghafla. Kwanza huteleza, na mguu uliotoka nje ya mstari wake kwa sentimita 2 utakuonyesha ni safu ipi inayohitaji matofali mengine.